Kabla Hujafungua Kopo la Nyanya

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Mimi naishi Mtwara mjini. Bahari ilipotulia, kwetu samaki walirudi mapema kuliko nyanya. Gengeni ninaponunua, fungu lililokuwa na nyanya sita likawa na tatu, nazo zimebonyea. Tangu hapo sikosi nyanya za kopo ndani. Lakini nimejifunza pia kwamba kopo peke yake halikupi mboga ya haraka. Ukilifungua hujajiandaa, utahangaika kuliko mwenzio aliyeanza na nyanya mbichi. Dakika ishirini za kupika zinategemea mambo uliyoyapanga siku kadhaa nyuma.

Na huku kusini hatusubiri kimbunga. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine zinagusa Mei. Mnyanya haupendi mvua ndefu. Ugonjwa wa baka unaanza kwenye majani, unahamia kwenye tunda, na bustani ndogo za mabondeni zinazidiwa. Hapo tunategemea nyanya za mikoa ya mbali kama Iringa na Morogoro, na nyanya iliyobanwa kwenye tenga safari yote hiyo haifiki kama ilivyochumwa. Kwa hiyo nunua makopo yako mawili matatu kabla mvua hazijakolea, genge likiwa bado limejaa.

Kabla ya yote, jua unanunua nini. Tukisema "nyanya ya kopo" huku kwetu, mara nyingi tunamaanisha ile rojo nzito ya kopo dogo la gramu 70, au ya pakiti. Kwenye maduka makubwa kuna kopo jingine, la gramu 400, lenye nyanya nzima zilizomenywa au zilizokatwakatwa, zikiwa ndani ya maji yake. Zote ni nyanya, ila jikoni ni vitu viwili. Rojo imechemshwa kiwandani mpaka maji mengi yakaisha. Ukisoma lebo mara nyingi utakuta imeandikwa asilimia 28 mpaka 30, maana yake hicho ndicho kiasi cha nyanya yenyewe ukiondoa maji. Nyanya mbichi ina kama asilimia 5 tu. Piga hesabu: kopo dogo la gramu 70 lina nguvu ya karibu gramu 400 za nyanya mbichi, yaani nyanya nne za wastani. Ndiyo maana mtu akimimina kopo zima kwenye mboga ya watu wawili, mchuzi unakuwa mchungu na mzito kama gundi, halafu lawama zinakwenda kwa kopo. Kwa familia ya watu wanne, kopo hilo moja na maji kama theluthi ya lita vinatosha. Ukiwa na kopo la nyanya za vipande, maji usiongeze kwanza, kwa sababu limekuja nayo.

Kuna na kitu cha tatu ambacho hukaa rafu moja na hivyo viwili: tomato sosi ya chupa. Ile ina sukari na siki, ni ya kulia chipsi. Usiipikie samaki.

Ukiwa dukani, lishike kopo mkononi kabla ya kulipa. Kopo lililovimba juu au chini, liache, hata ukipunguziwa bei. Kuvimba kunaonyesha kuna kitu kimeota ndani na kinatoa gesi. Bakteria wanaoogopwa zaidi kwenye vyakula vya kopo, Clostridium botulinum, wanatoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu, na sumu hiyo huwezi kutegemea ulimi kuitambua. Nyanya zina bahati ya uchachu wake: bakteria hao hawaoti kwenye chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu unazidi) ya 4.6 kushuka chini, na kwa kuwa nyanya nyingine hukaribia mpaka huo, viwanda huongeza asidi ya sitriki ili kuwa salama. Utaiona kwenye orodha ya viambato, wala usiogope. Kopo lililobonyea ubavuni kidogo linafaa. Lililobonyea kwenye mshono, au lenye kutu ambayo ukiifuta kwa kidole haitoki, liache hapo hapo. Kwetu sisi tunaokaa na upepo wa chumvi, kutu hii si ya kubuni. Hata nyumbani makopo yangu nayaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kisha tazama alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama na chumvi: kama imeshatiwa, chumvi yako itasubiri mwisho kabisa.

Halafu kuna kifungulio cha kopo. Naliweka hili peke yake kwa sababu nina kovu lake chini ya kidole gumba cha kushoto. Nilitumia kisu, mkono una mafuta, ncha ikateleza kwenye bati. Siku hiyo mboga niliimaliza kwa mkono mmoja, na samaki waliungua upande. Kopo la bati lilipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1810, kwa jina la Peter Durand. Kifungulio cha Ezra Warner kilipata yake Marekani mwaka 1858. Miaka mingi ya katikati watu walifungua makopo kwa patasi na nyundo. Sisi hatuna sababu ya kurudi huko. Makopo mengine siku hizi yana pete ya kuvuta, na ukipata la namna hiyo lichukue, lakini kifungulio kiwepo kwenye droo, na kijaribu siku una nafasi, ujue kinauma bati sawasawa au kimelegea.

Vinavyokaa jirani na kopo ni vichache na vyote havina haraka ya kuharibika: vitunguu maji, kitunguu saumu, mafuta, bizari, ndimu mbili, pilipili kavu, na nazi. Nazi kwetu si shida, ila kuna tofauti kati ya kuwa na nazi na kuwa na tui. Ukirudi kazini saa kumi na mbili jioni ndipo utafute mbuzi ya kukunia, haraka imeshakwisha. Mimi Jumamosi nakuna nazi tatu, nachuja, tui zito nalitia kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko na kugandisha. Asiye na friji aweke pakiti ya tui la unga. Si tamu kama la kukuna, lakini mboga inalika. Samaki nao wawe wameshaparuliwa na kutiwa ndimu na chumvi. Mama yangu mkubwa wa Mikindani huwa hawashi jiko kabla kila kitu hakijawa mezani kimekatwa, na nimekuja kuona kwamba hapo ndipo anapotushinda sote.

Kagua moto pia. Mtungi mdogo wa kilo 6 hauna mazoea ya kuaga. Mwagia maji ya moto ubavuni kutoka juu hadi chini, kisha upapase: pale panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Wa mkaa wauweke ndani kabla ya mvua, kwa sababu mkaa wenye unyevu utakutoa machozi nusu saa kabla haujashika.

Sasa kukaanga. Hapa ndipo wengi wanapoiharibu nyanya ya kopo, na ndiyo sababu watu husema ina "harufu ya kopo". Rojo ile imeshaiva kiwandani, lakini haijakaangwa. Ukiikoroga na maji na kuimwaga juu ya kitunguu, utapata uchachu mkali usio na utamu wowote. Fanya hivi: kaanga kitunguu kwenye mafuta mpaka kingo zianze kuwa kahawia, tia kitunguu saumu, kisha tia rojo yenyewe, kavu, bila tone la maji. Punguza moto. Itandaze kwa mwiko chini ya sufuria, igeuze, itandaze tena. Mwanzoni ni nyekundu ya kung'aa na inanata mwikoni. Baada ya dakika mbili tatu rangi inaanza kuzama, inakuwa kama tofali lililochomwa, inaacha kunata, na pembeni unaona mafuta yanajitenga, mekundu, yanachemka kwa vitone vidogo. Harufu inabadilika hapo hapo. Ule ukali wa puani unakwisha na unakuja utamu. Ndipo tia maji, kidogo kidogo. Mafuta haya yana kazi nyingine pia: laikopini, kitu kinachoipa nyanya wekundu wake, mwili huipokea vizuri zaidi nyanya ikiwa imepikwa na mafuta. Kama uchachu bado unakusumbua, ncha ya kijiko ya sukari inatosha. Kwenye mboga ya nazi hata hiyo huihitaji.

Ukishafika hapo, mboga nyingi ziko karibu. Kibua wa kukaanga au wa kuchemsha anahitaji dakika kumi tu ndani ya mchuzi huo, na tui zito linaingia mwisho moto ukiwa mdogo. Usiruhusu lichemke kwa nguvu pamoja na nyanya, kwa maana uchachu na moto mkali hulikata tui, na utabaki na mafuta juu na machicha chini.

Mbaazi zinataka maarifa zaidi, na kwa kuwa Lindi na Mtwara tunazilima wenyewe, ni aibu kuzikosea. Nyanya haiingii kwenye mbaazi ambazo hazijaiva. Uchachu wake hukaza ganda, na utachemsha mpaka gesi iishe bila kulainika. Kwa hiyo loweka usiku, chemsha asubuhi au hata siku iliyotangulia mpaka zibonyee kwa vidole viwili, ndipo uziunge jioni kwa nyanya ya kopo na nazi. Mimi huchemsha kilo nzima Jumapili na kugawa mafungu manne ya kugandisha. Jioni ya Jumanne, fungu moja na kopo moja dogo, robo saa, na watoto wanakula na chapati za jana.

Kopo la nyanya za vipande linafaa sana kwa mayai. Kitunguu, hoho kama ipo, mimina kopo, acha likauke dakika kumi mpaka mwiko uache njia chini ya kikaango, kisha chimba mashimo manne na kupasulia yai kila shimo. Funika mpaka mayai yaive. Kula na mkate, au na muhogo wa kuchemsha, ambao kwangu ndio mwenza wake hasa.

Panga pia kitakachobaki kabla hakijabaki. Nyanya isilale ndani ya kopo lililofunguliwa. Uchachu ukikutana na hewa hula bati na chakula kinapata ladha ya chuma. Hamishia kwenye bakuli la kioo au la plastiki lenye mfuniko, na kwenye friji itumike ndani ya siku tatu nne. Huna friji, nunua makopo madogo na umalize siku hiyo hiyo. Joto letu halimsamehe mtu. Rojo iliyobaki naipima kijiko kimoja kimoja kwenye trei ya barafu. Kila kipande ni mboga ya mtu mmoja. Mchuzi nao usiulaze kwenye sufuria ya alumini mpaka asubuhi, kwa sababu uchachu ule ule huitafuna alumini.

Baadhi ya watu huniuliza kama si bora kununua tenga nyanya zikiwa rahisi, kuchemsha na kujaza kwenye chupa. Kugandisha, ndiyo, fanya. Kuhifadhi kwenye chupa kabatini kunataka kuongeza maji ya ndimu au asidi ya sitriki kwa kipimo, na kuchemsha chupa zenyewe zikiwa zimefungwa kwa muda wa kutosha. Kama hujafundishwa na mtu anayeijua kazi hiyo, usijaribu kwa watoto wako.

Na kopo tupu lenyewe liandalie pa kwenda. Kifuniko kilichokatwa kina makali kuliko kisu cha jikoni, na watoto wa mtaani kwetu wanakimbia peku kwenye mchanga kutwa nzima. Suuza kopo, tumbukiza kifuniko ndani, kisha libonde mdomo kwa jiwe mpaka ufunge kabisa, kifuniko kisiweze kutoka, ndipo ulitupe.