Jinsi ya Kuchagua Kipande cha Protini Unapopunguza Uzito

Kabla ya kununua kipande cha protini kilichofungwa mithili ya chokoleti, geuza pakiti usome jedwali la virutubisho, kwa kuwa maandishi makubwa ya mbele hayaelezi yote. Gramu 1 ya protini hutoa kilokalori 4, sawa na wanga, ilhali mafuta hutoa 9. Kwa hiyo zidisha gramu za protini kwa 4, na iwapo jibu halifikii hata robo ya kilokalori zote, kihesabu kuwa chokoleti ya kawaida. Maltitoli, inayotiwa badala ya sukari, huweza kujaza tumbo gesi. Kitumie safarini, mahali pa mlo ulioukosa, wala si nyongeza baada ya kushiba. Nyumbani ninapendekeza mayai 2 ya kuchemsha, yenye takriban gramu 12 za protini.