Oti zikipandisha sukari asubuhi

Oti husifiwa sana, lakini mimi mwenye kisukari, bakuli moja la zile za kuiva haraka hunifikisha sukari ya damu 13 (kwa kipimo cha mmol/L). Kama nawe ni hivyo, amini mashine ya kupimia sukari. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kijiko cha kwanza; wengi wenye kisukari tunaambiwa ibaki chini ya 10. Asubuhi ndiyo ngumu zaidi, maana homoni za alfajiri hulifanya ini limwage sukari huku insulini ikifanya kazi kwa uzito.

Kwa hiyo naanza na mayai. Nakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, natia mchicha, nauacha usinyae na maji yakauke kabisa, ndipo namimina mayai mawili. Hayo nakula kwanza, taratibu. Wanga unafuata: kipande kidogo cha kiazi kitamu cha kuchemsha, au kunde zilizobaki usiku. Kunde nazipenda zaidi, zina protini na nyuzinyuzi. Chai ya tangawizi bila sukari. Juisi hapana, hata ya kukamua nyumbani.

Huwezi kuacha oti? Chagua zile nzito zinazochelewa kuiva, vijiko vitatu vikavu, na uchanganye karanga za kusaga. Usiziache zirojeke, wala usitie asali. Ukimaliza, tembea dakika 15.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga: dozi ileile kwa chakula kidogo inaweza kumshusha chini ya 4, na hiyo ni hatari ya papo hapo.