Namna ya kupiga filamu fupi ya mchezo hatari wa uhalisia pepe ndani ya bedsita moja Nairobi

Wengi wanaoanza filamu ya aina hii hukimbilia ulimwengu wa mchezo: majengo ya kompyuta, milipuko, majitu ya chuma. Pesa huishia hapo, na mtazamaji anaonyeshwa kitu ambacho simu yake humwonyesha kwa ubora zaidi kila siku. Hatari inakaa kwenye kiti, katika mwili wa mtu aliyezibwa macho na hedseti, kifaa cha kichwani cha uhalisia pepe, huku chai yake ikiota utando mezani. Weka pesa kwenye chumba.

Tafuta bedsita kama zile za mtaa wa Pipeline, ambako jengo limebanana na jengo hadi taa inawashwa saa sita mchana. Giza hilo unaweza kulitawala. Dirisha lizibe kwa blanketi nzito la mtumba, upande wa nje ikiwezekana, ili pazia libaki likionekana la kawaida ndani ya fremu.

Mchezo upewe sheria moja tu ya kuua, na ionekane bila mtu kuieleza. Inayofaa mji huu: stima ikipotea ukiwa ndani ya mchezo, wewe hutarudi tena. Hapo kisanduku cha tokeni za stima ukutani kinakuwa saa ya filamu nzima. Kipige picha ya karibu mara tatu, namba zikiwa zimeshuka kila mara, na hutahitaji muziki wa kutisha.

Filamu ya dakika 12 ya mwendo wa pole ina shoti kama 24, yaani wastani wa nusu dakika kila moja. Ile hesabu ya ukurasa mmoja wa muswada kwa dakika haifanyi kazi hapa. Kurasa tano au sita zinatosha. Pembeni ya kila shoti andika sentensi moja: ni nini kinabadilika toka mwanzo hadi mwisho wake? Mkono unaacha kutetemeka, mwanga wa mlangoni unazibwa na mtu, mvuke wa chai unakoma. Shoti isiyo na jibu haina upole wowote, imekufa tu, na mhariri hawezi kuifufua. Ukirekodi, acha sekunde 10 kabla na 10 baada ya tendo. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, kadi ya GB 64 hujaa baada ya dakika 85 hivi, kwa hiyo beba mbili.

Sasa kamera. Umeme wa Kenya ni hezi 50, na taa nyingi za nyumbani humeta mara 100 kwa sekunde. Piga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiiacha kamera kwenye fremu 30 na shata 1/60, jinsi nyingi zinavyotoka dukani, utaona michirizi ikipanda ukutani, na haifutiki vizuri baadaye. Kioo cha kompyuta ni kesi nyingine: vingi huchora picha upya mara 60 kwa sekunde. Fungua mipangilio ya kioo uchague hezi 50 kama ipo. Isipokuwepo, zima taa za ukutani, tumia taa za betri, kisha upige shoti hiyo kwa 1/60.

Hedseti ndiyo inayoharibu filamu nyingi, kwa sababu inaficha macho, na macho ndiyo nusu ya uigizaji. Usinunue mpya. Tafuta mbovu kwa wauza elektroniki waliotumika mitaa ya Luthuli, au mpe fundi wa jua kali wa Kamukunji mchoro akutengenezee ganda. Toa betri kwanza bila kuitoboa, kisha lenzi na bodi. Ganda tupu ni jepesi mno na kichwa cha mwigizaji kitacheza kama hajavaa kitu. Hedseti halisi huwa na uzito wa karibu nusu kilo, kwa hiyo rudisha gramu 200 za nati na bolti upande wa mbele. Toboa tundu dogo chini ya pua aone sakafu. Mtu asiyeona ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu ataanguka juu ya stendi ya taa, na itakuwa kwenye teki, yaani rudio la shoti, lililo zuri kuliko yote.

Mwanga wa ndani unatoka kwenye utepe wa LED wa volti 12. Kata kipande penye alama, kila vijitaa vitatu, chomelea nyaya mbili kwa risasi, uunganishe na betri ya volti 9. Utawaka hafifu, na hafifu ndiyo tunayotaka. Elekeza kwenye mashavu, ufunike na tabaka mbili za tishu. Usitumie kipunguza mwanga cha bei ya chini: huwasha na kuzima taa kwa kasi kubwa, jicho halioni lakini kamera inaona. Ukilazimika kutumia hedseti nzima, bandika kipande cha tepu juu ya kihisio kilicho kati ya lenzi, la sivyo kioo kinajizima ikivuliwa. Tena usiiache juani lenzi zikitazama juu hata dakika chache. Zinakusanya jua kama kioo cha kukuza na kuunguza kioo cha ndani.

Kutofautisha dunia mbili, fanya ndani ya kamera. Chumbani, chini ya taa zenye rangi ya mwanga wa mchana, weka mizani ya weupe (white balance) Kelvini 5600; mchezoni, chini ya taa zile zile, weka 3200, na kila kitu kinageuka buluu. Usingoje kuhariri: picha za biti 8, zenye ngazi chache za rangi, ukizivuta sana hupasuka ngazi ngazi kwenye kuta.

Sauti inabeba zaidi ya nusu ya hofu. Rekodi dakika mbili za ukimya wa chumba. Zima friji, na simu yako iache ndani yake ili usisahau kuiwasha friji ukiondoka. Maiki ya kubana nguoni husuguana na mkanda wa hedseti, hivyo tumia ya mti, ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu, sentimita 50 juu ya kichwa. Weka mngurumo wa feni chini ya matukio yote ya chumbani. Ukiingia mchezoni uukate ghafla.

Shoti za nje zipige Juni hadi Agosti, mawingu ya Nairobi yanapokupa mwanga wa kijivu bila senti. Mwaka mzima jua huzama haraka. Baada ya saa kumi na mbili na nusu una kama dakika 20. Leseni ya kurekodi hutolewa na KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya, chini ya Sura ya 222, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani. Barabarani kaunti nayo itataka yake. Silaha ya mchezo isifanane na bunduki kabisa. Hakuna anayejua mtaani kwamba ni plastiki, polisi wakiwemo.

Kabla ya kufunga kazi, itazame kwenye simu yenye mwanga nusu, kisha kwenye projekta. Kiti kikimezwa na weusi, inua vivuli kidogo tu, chumba kibaki chumba cha usiku.