Kupitisha shaba ndani ya matundu ya bodi kwa mrututu na asidi ya betri

Mama mmoja wa Kibosho alinirudishia mashine ya kutotolesha vifaranga niliyomtengenezea. "Fundi, trei tatu zimeniozea," akasema, akaiweka mezani wala hakukaa. Mayai 90. Bodi yake ya saketi ilikuwa ya pande mbili, yaani njia za shaba juu na chini, kazi ya mikono yangu. Chini ya soketi ya chipu niliunganisha juu na chini kwa kipande cha mguu wa rezista, na risasi ya kuchomelea ya upande wa juu ilikuwa imeachia. Ukibonyeza soketi kwa kidole gumba, hita inawaka. Ukiondoa kidole, inazima.

Vipande vya waya sividharau. Bodi yako ikiwa na matundu kumi na tano, na yote unayafikia kwa pasi ya kuchomelea juu na chini, fanya hivyo ukalale mapema. Balaa ni tundu lililojificha chini ya soketi. Hilo linataka shaba yake lenyewe, ukutani, kutoka juu hadi chini.

Ukuta huo ni fibaglasi na resini, haupitishi umeme, kwa hiyo shaba haina pa kushikia. Viwandani wanaupitisha kwenye dawa ya paladiamu, aina ya metali, kwanza. Mimi hapa Moshi natumia kaboni. Na mpangilio wa kazi unageuka: unatoboa bodi ikiwa bado nzima, unapitisha shaba, ndipo unachora njia za shaba.

Toboa kwa biti ya kabaidi iliyo kali, bodi ikiwa imebanwa katikati ya vipande viwili vya hadibodi. Biti butu huyeyusha resini na kuipaka ukutani, na huacha ndevu za shaba mdomoni mwa tundu. Mguu wa kifaa unaotaka tundu la milimita 0.9 utobolee 1.0, maana shaba itakula nafasi. Sugua kwa msasa laini wa maji, osha kwa sabuni, kausha.

Sasa wino. Nachukua wino mweusi wa kuchorea, ule wa kaboni (si wa kalamu), nauchanganya na poda ya grafaiti inayouzwa kwa ajili ya kulainisha vitasa, hadi uwe kama uji wa mgonjwa. Mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikasaga penseli. Penseli ina udongo ndani yake. Mita haikusoma kitu. Paka wino kwa kipande cha plastiki kama unayepiga lipu, hadi utokeze upande wa pili, kisha weka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi nyuma ya bodi uufyonze. Inua bodi dirishani. Kila tundu lionyeshe mwanga. Lililoziba lizibue sasa hivi kwa hewa, usisubiri likauke. Kausha kwenye nyuzi 100 kwa dakika 20, rudia mara ya pili.

Kupima usipime kwenye bodi yenyewe, kwa sababu matundu yote yanasaidiana na mita itakudanganya. Huwa natoboa tundu moja kwenye kipande kidogo cha pembeni, nakipaka pamoja na bodi. Kikisoma ohm mia mbili au tatu, au pungufu, naendelea.

Wengi wanaharibu hapa: wino ukibaki kwenye mdomo wa tundu, juu ya ile shaba ya bodi, shaba mpya itakaa juu ya masizi na siku moja itabanduka. Piga msasa uso wote hadi ung'ae, kisha chovya bodi kwenye feriki kloraidi, ile dawa inayokula shaba, kwa sekunde 20 au 30 tu. Inalamba shaba kidogo chini ya wino na kuulegeza pale mdomoni, huku ule wa ukutani ukibaki. Suuza sana.

Maji ya kazi ni haya, kwa lita moja: maji yaliyotoneshwa mililita 600, asidi ya betri ambayo haijatumika mililita 400, mrututu (salfeti ya shaba) gramu 75. Mrututu nanunua duka la pembejeo. Wazee wetu huku waliujua kwa kupuliza kahawa. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi au maji matupu, soma chupa. Asidi ndiyo inamiminwa kwenye maji, taratibu, usigeuze kamwe. Vaa miwani na glavu, weka magadi karibu ya kumwagia palipotapakaa.

Pande mbili za ndoo ya plastiki ning'iniza vipande vya bomba la shaba. Fundi wa friji atakupa masalio. Hivyo viende kwenye chanya ya umeme wa DC. Bodi ikae katikati, sentimita sita hivi kutoka kila upande, iende hasi. Vibanio vya waya visiguse maji.

Halafu usiwe na haraka. Bodi ya sentimita 10 kwa 8 ina eneo la sentimita mraba 160 ukihesabu pande zote mbili. Ipe ampea 1.6, yaani ampea moja kwa kila sentimita mraba 100. Kwa kasi hiyo shaba inaongezeka mikroni 0.22 kwa dakika (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mikroni 25 ninazotaka zinachukua karibu saa mbili. Niliwahi kuweka ampea tano ili niwahi chakula cha mchana. Nikakuta kingo zimeota vipele vyeusi kama mashapo ya kahawa, na katikati ya matundu hakuna kitu. Pampu ndogo ya tangi la samaki ipulize mapovu muda wote, na kila dakika kumi tikisa bodi ili maji mapya yapite ndani ya matundu. Kupunguza unene chini ya mikroni 20 sikushauri: resini ikipata joto inatanuka kuliko shaba, na ukuta mwembamba unakatika.

Kuchora njia baada ya hapo ni kazi ya kawaida, ila tona ya printa inayobandikwa kwa pasi haifuniki tundu, na feriki itaingia iile ile shaba yote uliyoisubiri. Tumia filamu kavu inayogandishwa kwa mwanga, ipitishe kwenye mashine ya lamineshoni. Inalala juu ya tundu kama ngozi ya ngoma. Acha duara la shaba lenye upana wa milimita 0.3 au zaidi kuzunguka kila tundu ili filamu ipate pa kushika.

Maji ya mrututu usiyamwage, yanatumika tena na tena. Yakichafuka yachuje. Mtaroni yanaua samaki.

Kile kipande cha pembeni nakisaga kwa msasa hadi nusu ya tundu, nakitazama kwa lenzi. Kwa bodi mpya ya mama wa Kibosho niliona mstari wa waridi kutoka juu hadi chini, haujakatika popote. Nikafunga soketi, nikampigia simu.