Mbwa akikukimbiza ukiwa kwenye baiskeli

Jamani wenzangu wa baiskeli, mbwa akikutokea usianze kukanyaga pedali kwa fujo, yeye anafuata kitu kinachokimbia na kwenye mlima humuwezi hata iweje. Punguza mwendo, vidole kwenye breki, mkemee kwa sauti nzito "Wee! Toka!", asipoacha shuka uweke baiskeli katikati yenu, urudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Teke usirushe ukiwa unaendesha, mimi nilianguka hivyo na kovu liko gotini mpaka leo. Maji ya chupa mrushie usoni, mbwa wengi wanasita. Akikung'ata hata kidogo tu, osha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo upate chanjo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.