Namna ya kuchezesha meza ya watu wasiopenda kitu kimoja

Mwongozo huu ni wa mchezeshaji wa michezo ya kuigiza wahusika kama Dungeons & Dragons: yeye husimulia kisa, kila mchezaji humwendesha mhusika wake, na madadu huamua kama jambo limefaulu. Ni wa yule ambaye kikundi chake kinapendana, kinafika kwa wakati, na bado kila kikao kinaisha mtu mmoja amenuna. Mmoja anataka kupigana. Mwengine anataka kuzungumza na kila muuza samaki wa mji wa kubuni. Wa tatu anahesabu mishale. Mimi nachezesha Unguja, usiku baada ya Isha, na ninaloliona ni kwamba vikundi vyetu havivunjwi na kanuni ngumu. Vinavunjwa na watu waliokaa meza moja wakicheza michezo mitatu, na hakuna aliyelisema hilo.

Wala halikuanzia kwetu. Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974, ilizaliwa na michezo ya vita ya vijisanamu vya askari. Gary Gygax na Dave Arneson walimpa mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi, na mtu mmoja ana jina, ana mama, ana siri. Hesabu za vita na kisa cha mtu vimekaa nyumba moja tangu siku hiyo. Mwaka 1980 Glenn Blacow, aliyeandika juu ya michezo hii, aliwagawa wachezaji mafungu 4: wanaojivika uhusika, wanaotaka hadithi, wanaotaka nguvu zao zikue, na wanaotaka kushinda kwa mbinu. Mafungu hayo yanakufaa wewe unapopanga kisa, lakini usimpachike mtu fungu lake usoni. Yule yule anayetaka vita wiki hii, kwa kuwa ameshinda ofisini akinyamaza, wiki ijayo atataka maneno.

Kama bado huna kanuni, zile za msingi za toleo la 5 la Dungeons & Dragons ziliachiliwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Unazipakua bure kwenye simu, na unaruhusiwa kuzifasiri.

Hatua ya 1: Sikiliza kinachosimuliwa kesho yake

Utashauriwa ukae na wachezaji kabla ya kisa umuulize kila mmoja anapenda nini. Kaa nao, ni jambo jema. Lakini ukimuuliza mtu mbele ya wenzake, atakwambia "Vyovyote tu yakhe, panga wewe," hasa ikiwa mezani yupo aliyemzidi umri au maalim wake wa zamani. Ni adabu, wala si uongo, ila huwezi kupangia kikao kwa jibu hilo.

Basi tazama. Wakati wa vita, nani anachukua simu? Wakati wa mazungumzo marefu na liwali, nani anaanza kupanga madadu yake mnara? Hizo ni dalili, na dalili zinaweza kukupoteza, kwani mtu pengine amechoka tu.

Ninachokiamini zaidi ni masimulizi ya barazani. Wakikutana kesho yake kwenye kahawa, mmoja atasimulia pigo la mwisho lilivyoshuka. Mwengine ataeleza alivyomzungusha askari wa lango mpaka akafunguliwa mwenyewe. Wa tatu atasema, "Tungepita nyuma, tusingepoteza hata mtu." Hakuna aliyewauliza, wala hakuna anayetaka kukuridhisha. Alilolibeba mtu kutoka mezani mpaka barazani ndilo lililomleta. Liandike katika daftari, mstari mmoja kwa kila mchezaji, baada ya kila kikao. Usipokuwepo barazani, muombe mmoja wao akusimulie kikao kilivyokwenda kana kwamba hukuwepo.

Hatua ya 2: Mipaka isichanganywe na ladha

Ladha zinachanganyika. Mipaka haichanganyiki, nayo inatakiwa iwekwe kabla ya dadu la kwanza kurushwa. Je, mhusika anaweza kumuibia mwenzake? Anaweza kumuua? Akifa, amekufa moja kwa moja? Je, majini na uganga vinaingia? Kuna wachezaji wangu ambao joka hawalijali, lakini jini la kupunga hawataki kulisikia mezani, na hiyo ni haki yao. Popobawa vilevile, yule pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku. Watu walioishi hofu ya mwaka 1995, ilipoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja, wapo hai na pengine mmoja ni mama yake mchezaji wako, anayesikia kila kitu kutoka chumba cha pili.

Maswali haya uliza mmoja mmoja, kwa ujumbe wa simu ikiwa mtu ana haya. Jibu kali kuliko yote ndilo liwe la meza nzima. Kisha weka karata moja kifudifudi katikati ya meza: atakayeigusa, tukio linarukwa, na haulizwi sababu.

Hatua ya 3: Jenga tukio moja lenye milango mingi

Hapa ndipo penye kazi. Wachezeshaji wengi hugawa wakati: nusu saa ya vita, nusu saa ya mazungumzo, kidogo cha mafumbo. Inaonekana haki, lakini maana yake ni kwamba kila mtu anasubiri zamu yake huku akichoka na ya mwenzake. Tukio liwe moja, na kila mmoja apate pa kuingilia kwa wakati ule ule.

Chukua Pujini, kisiwani Pemba, kusini-mashariki ya Chake Chake, kwenye magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo Wapemba wanaihusisha na mtawala wa zamani, Mkama Ndume. Simulizi zinasema alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga ukuta kisimani ili wasionane: mmoja akishuka kwa ngazi, mwengine akiteka kwa ndoo na kamba. Mchezeshaji hahitaji zawadi kubwa kuliko hiyo.

Weka usiku. Chini kisimani kuna mkuki ambao wahusika wameagizwa kuutoa kabla walinzi hawajabadilishana zamu. Mpenda vita ana walinzi juu ya boma, na wamekwisha kusikia nyayo. Mtu wa mbinu ana njia mbili za kuingia zisizoonana, ngazi na kamba, na anaweza kushambulia huku akaingilia kule. Mwenye kujivika uhusika amekutana na mke mmoja, anayesikia sauti ng'ambo ya ukuta asimjue mwenye sauti. Mpenda hadithi anakumbuka kwamba ngome hii ilijengwa na watu waliotumikishwa, na mlinzi mmoja ni mtoto wao. Anayetaka nguvu anautaka mkuki. Na yupo yule anayekuja kwa ajili ya gumzo na kashata, ambaye wengi humsahau: huyo mpe kamba ashike. Kazi yake ni moja na inaeleweka, na akiiachia, kila kitu kinaporomoka. Utamuona anavyokaa wima.

Jambo la kulinda ni kwamba milango hiyo iathiriane. Mke akipiga ukelele, walinzi wanashuka. Walinzi wakiangushwa kimya kimya, mazungumzo yanapata muda. Bila ya hivyo umerudi kule kule kwenye zamu.

Hatua ya 4: Maneno mazuri na mipango mizuri viguse dadu

Mwenye kuigiza akitoa maneno yaliyomfanya kila mtu anyamaze, kisha dadu likamwangukia 2, ataona maneno hayana thamani. Ukimpitisha bila dadu, mtu wa mbinu ataona amedhulumiwa. Tumia kanuni ya kurusha madadu mawili na kuchukua kubwa. Kwenye dadu la pande 20, kupata 11 au zaidi ni nafasi ya asilimia 50. Ukirusha mawili ukachukua kubwa, inafika asilimia 75. Mpe nafuu hiyo msemaji aliyesema jambo linalomgusa yule mke. Mpe ile ile aliyechora ramani akaona pahala ambapo mlinzi hapaoni. Mtu mwenye haya, asiyeweza kuigiza, aseme tu "namsihi kwa jina la mwanawe," na apate nafuu sawa na mwenye ulimi. Mimi hili silegezi, kwa sababu meza inayomlipa mzungumzaji peke yake huwapoteza wanyamavu, na mara nyingi wao ndio waliofikiri zaidi.

Hatua ya 5: Pale ladha zinapokataa kukaa pamoja

Wapo wasioweza, na si kosa la mtu. Mchezaji anayefurahia kuharibu mipango ya wenzake hatapona kwa milango mingi. Zungumza naye peke yake, mkitembea, si mezani mbele ya watu, wala si kwenye kundi la simu. Mwambie ulichokiona, mtajie anachokipenda kama kilivyo kwenye daftari lako, na umwambie wazi kwamba meza hii haikitoi. Mkiwa na watu wa kutosha, fungueni meza ya pili ya vita vifupi visivyo na hadithi ndefu. Mkiwa hamtoshi, mwalike kama mgeni siku ya pambano kubwa na umkabidhi adui amchezeshe yeye: anapata ruhusa ya kuvuruga kila kitu, nawe unapata mikono miwili ya kushughulikia wengine.