Matroni anavyomtuliza binti wa kidato cha nne

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, na kipindi changu kigumu ni kati ya matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, na mtihani wa taifa wa Novemba. Tumbo linauma, hedhi inaruka mwezi, usingizi hauji. Ukimuuliza binti, anakujibu, "Niko poa, matroni."

Usianze na mawaidha. Mkalishe kitandani, avue viatu, nyayo ziguse saruji. Avute pumzi puani taratibu, na kuitoa aitoe taratibu zaidi, maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mbio za moyo. Dakika mbili tatu zinatosha. Mawazo yakikimbilia Hesabu, ayarudishe kwenye pumzi bila kujikaripia.

Usimlazimishe kufumba macho. Wapo waliotendewa mambo, na wakifumba ndipo yanaporudi. Mwenye pumu naye anaweza kuingiwa hofu akifuatilia pumzi zake. Huyo asikilize tu vyura, au ndoo zinavyogongana bombani.

Akitulia, mpe daftari. Aandike neno kwa neno anachojiambia moyoni. Huwa ni makali: "Mjinga we, umewaaibisha wazazi." Muulize: wa kitanda cha juu angepata divisheni ya nne, ungemwambia hivyo? Hapo wengi hunyamaza. Basi aandike ambayo angemwambia huyo mwenzake, halafu ajisomee kwa jina lake mwenyewe.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika kuhusu jambo hili la kujihurumia mwaka 2003, anataja mambo matatu: kuyaona maumivu yako bila kuyakuza, kukumbuka kuwa hayajakupata peke yako, na kujitendea wema. La pili ndilo linalowapotea wasichana wangu. Bweni zima linalia chini ya shuka, kila mmoja akidhani ni yeye tu! Ndiyo maana siku nyingine tunafanya zoezi hili pamoja baada ya prepo, masomo ya jioni, na asiyetaka kusema hasemi.

Kuna walimu wanaoniambia nawadekeza. Sikubali. Anayejitukana kutwa hakifungui kitabu cha Fizikia, anakikimbia. Na mimi simwachi binti aishie kwenye maneno matamu. Lazima aandike pia kesho anaanza na mada ipi, na nani atamsaidia.

Ila asiyekula, anayejikata, au anayesema heri afe, huyo usimpe daftari. Kaa naye, asibaki peke yake, mzazi apigiwe, apelekwe hospitali usiku huohuo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.